Si kila kifua ni pumu: Ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa



Ndugu msomaji, huku kwetu tambarare, kuanzia Mabogini na Chekereni hadi Kahe, neno "pumu" limebebeshwa mizigo mingi isiyokuwa yake. Mtoto wa miaka sita anayebanwa usiku ana pumu. Mzee wa miaka sitini aliyevuta sigara tangu ujana naye anaambiwa ana pumu. Mama aliyekaa mbele ya mafiga miaka arobaini akianza kutweta njiani kwenda kisimani, naye ni pumu. Akikohoa zaidi ya mwezi, majirani wanaanza kunong'ona kuwa ni kifua kikuu, na wapo watakaosema amerogwa.

Leo tuzungumzie maradhi ambayo Kiswahili bado hakijayapa jina fupi. Tunayaita ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Kwenye kadi yako ya hospitali daktari huandika herufi nne tu: COPD. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwaka 2021 ugonjwa huu uliua watu wapatao milioni 3.5 duniani, ukashika nafasi ya nne katika visababishi vya vifo. Na kati ya wanaokufa kwa ugonjwa huu kabla ya kutimiza miaka 70, takriban tisa katika kila kumi wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu.

Kinachotokea kifuani

Pafu si mfuko mmoja mtupu kama wengi wanavyodhani. Ni mirija inayogawanyika kama matawi ya mti, na mwisho wa kila kitawi kuna vifuko vidogo sana vya hewa, mamilioni kwa mamilioni. Hapo ndipo oksijeni inapoingia kwenye damu. Vifuko hivi Allah (s.w.t.) amevijaalia mnyumbuko: ukivuta hewa vinatanuka, ukiachia vinajirudi vyenyewe na kuisukuma hewa nje.

Moshi unapoingia kila siku kwa miaka mingi, mambo mawili hutokea. Kwanza, mirija inavimba kwa ndani na kutoa makohozi mengi kuliko inavyohitajika, njia ikawa nyembamba. Pili, kuta za vile vifuko zinabomoka na mnyumbuko unapotea. Fikiria puto lililopulizwa na kuachwa mara mia moja. Likilegea, huwezi tena kulitegemea lijisukume lenyewe.

Kwa hiyo mgonjwa huyu taabu yake kubwa ni kutoa hewa, ijapokuwa mwenyewe anahisi kwamba anakosa hewa ya kuvuta. Hewa ya zamani imebaki ndani, kifua kimejaa, na hewa mpya haina pa kuingia. Naomba ulishike hili, kwa sababu nusu ya mafunzo yatakayofuata yanatokana nalo.

Tofauti na pumu ni hii. Pumu kwa kawaida huanza utotoni au ujanani, huja na kuondoka, na mgonjwa akipata dawa njia zinafunguka karibu kama za mtu mzima wa afya. Ugonjwa huu huanza zaidi baada ya miaka 40, hauondoki, na huongezeka kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Dawa hufungua njia kwa kiasi tu. Wapo pia wenye vyote viwili.

Unavyojificha

Ugonjwa huu ni mwizi wa taratibu. Mgonjwa hubadilisha maisha yake bila kujua. Aliyekuwa akienda shamba la mpunga kwa miguu anaanza kutafuta bodaboda. Aliyekuwa akibeba gunia sasa anaita kijana. Akiulizwa, anajibu: "Ni umri tu." Si umri. Mzee mwenye mapafu mazima huchoka miguu na mgongo, lakini hapaswi kutweta kwa kuvaa viatu.

Nitawapa ishara moja ambayo hamtaikuta kwenye vitabu vya udaktari, ila sisi tuliokaa chini ya miguu ya walimu wa madrasa tunaijua. Msikilize msomaji wa Qur'an. Mwalimu ambaye zamani alikuwa akiimaliza aya ndefu kwa pumzi moja, sasa anakata mara tatu, anasimama mahali ambapo si pa kusimama, kisha anarudi nyuma kuunganisha. Muadhini ambaye mvuto wake umefupika mwaka hadi mwaka. Mimi nikisikia hivyo, baada ya swala humfuata na kumuuliza kuhusu kikohozi.

Dalili nyingine ni kikohozi cha asubuhi chenye makohozi kwa miezi kadhaa, kifua kupiga filimbi, na mafua ambayo kwa wenzake huisha siku nne ila kwake hushuka kifuani na kukaa wiki tatu. Ugonjwa ukizidi, mgonjwa hupungua uzito, hulala kwa kuegemea mito, na miguu inaweza kuvimba kwa sababu moyo nao umechoka kusukuma damu kwenye mapafu yaliyoharibika.

Moshi unatoka wapi

Sigara ndiyo ya kwanza kutajwa, na inastahili. Lakini WHO linakadiria kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 70 ya ugonjwa huu hutokana na tumbaku, wakati katika nchi zetu ni kati ya asilimia 30 na 40 tu. Hiyo iliyobaki imetoka wapi?

Tazama utafiti uliofanyika kwa jirani zetu Uganda, wilaya ya Masindi, ukachapishwa mwaka 2015. Watafiti waliwapima watu wa vijijini wenye umri wa zaidi ya miaka 30 kwa kipimo cha kupuliza. Wakakuta takriban watu 16 katika kila 100 wana ugonjwa huu, na wanawake hawakuwa nyuma ya wanaume. Karibu kila aliyepimwa alikuwa akiishi na moshi wa kuni au mabaki ya mimea. Wengi waliokutwa nao walikuwa bado vijana wa miaka thelathini na kitu, umri ambao huku kwetu hakuna anayefikiria mapafu.

Sasa tujiangalie. Huku Chekereni tuna skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyojengwa kwa msaada wa Japani katika miaka ya 1980, na alhamdulillah mpunga umetulisha. Lakini mpunga una pumba. Vumbi la mashine ya kukoboa huwaingia vijana wanaofanya kazi humo mchana kutwa bila hata kitambaa puani. Pumba zenyewe zinachomwa, au zinatumika kuchoma matofali, na moshi wake unafuka siku nyingi bila moto kuonekana. Ukipanda mlimani, hali ni nyingine lakini matokeo yaleyale: baridi ya Juni na Julai inawaingiza watu wote jikoni, mlango umefungwa, mahindi yamepangwa darini juu ya moto ili yasiliwe na wadudu. Moshi ule unaokausha mahindi unaingia pia kifuani kwa bibi na mjukuu aliyembeba mgongoni.

Chanzo cha tatu ni kifua kikuu kilichopona. Mgonjwa amemaliza dawa, vijidudu vimekufa, lakini pafu limebaki na makovu na mirija iliyopinda. Akikohoa tena anarudishiwa dawa za TB bila kupimwa makohozi. Nimemwona mama mmoja mpika vitumbua aliyepewa dozi hiyo mara mbili kwa kifua ambacho chanzo chake kilikuwa jiko lake. Kwa hiyo kanuni ni hii: kila anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi apimwe makohozi kwanza, na vipimo na dawa za TB nchini kwetu ni bure. Kisichoonekana kuwa TB kisitibiwe kama TB. Kitafutiwe jina lake. Hospitali ya Kibong'oto kule Siha, ambayo ilianza kama kituo cha wagonjwa wa kifua kikuu enzi za mkoloni, leo inahudumia magonjwa ya kuambukiza kwa kiwango cha taifa, na wagonjwa wa mkoa huu wanaifahamu.

Na vijana wetu waliokwenda Mererani kuchimba tanzanite, wajue kuwa vumbi la mwamba wanalovuta mgodini lina ugonjwa wake, silikosisi, unaoshabihiana na huu na unaofungua mlango kwa kifua kikuu. Kijana akirudi nyumbani anatweta, amwambie daktari kwamba alikuwa mgodini. Wengi wanaficha.

Kupima

Kusikiliza kifua na kupiga picha ya eksirei husaidia kuondoa magonjwa mengine: TB, nimonia, moyo kujaa maji, saratani. Lakini picha inaweza kuonekana safi wakati mgonjwa anataabika. Kipimo chenyewe ni cha kupuliza, kinaitwa spirometa. Unavuta hewa yote unayoweza, kisha unaipuliza kwa nguvu hadi iishe. Mashine inapima ni kiasi gani umetoa katika sekunde ya kwanza ukilinganisha na jumla. Ukishapewa dawa ya kufungua njia na bado umetoa chini ya asilimia 70 katika sekunde hiyo, njia zako zina kizuizi kisichofunguka. Zahanati ya kijiji haina mashine hiyo. Omba rufaa kwenda hospitali kubwa. Hakipimi damu, hakiumi.

Tiba ya kwanza haiuzwi dukani

Tuseme ukweli. Pafu lililobomoka halijengeki tena, na anayekuuzia dawa ya "kusafisha mapafu" kwa chupa anachukua fedha yako. Kinachowezekana ni kuzuia lisiendelee kubomoka. Mwaka 1977 watafiti wawili wa Uingereza, Fletcher na Peto, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume wa London kwa miaka kadhaa. Walionyesha kwamba mvutaji akiacha sigara, pumzi iliyopotea hairudi, lakini kasi ya kupungua inashuka ikawa karibu na ya mtu asiyevuta. Hata mwenye miaka sitini anafaidika. Hakuna kidonge kinachofanya kazi hiyo.

Ramadhani ni nafasi ambayo mvutaji wa Kiislamu anapewa kila mwaka bure. Ameweza kukaa zaidi ya saa kumi na tatu bila sigara, na siku tatu nne za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote. Kisha anafungua kwa tende moja na sigara mbili! Ndugu yangu, kazi ngumu umeshaifanya mchana. Badilisha saa za baada ya futari: nenda tarawehe, tafuna mswaki, kaa mbali na kijiwe cha wavutaji kwa mwezi mmoja. Kuhusu hukumu ya sigara, masheikh wameshaandika sana na sitarudia. Ninakumbusha tu kwamba Mtume (s.a.w.) alimtaka aliyekula kitunguu saumu kibichi akae mbali na msikiti ili asiwaudhi wenzake. Harufu ya kitunguu haitobowi pafu la mtu. Shisha nayo ni moshi, maji yaliyo chini yake hayausafishi.

Kwa jikoni, serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Ni jambo jema, lakini mapafu ya mama hayawezi kusubiri hadi 2034. Wenye uwezo wa gesi waitumie hata kwa chai ya asubuhi na uji tu, kwani kila saa bila moshi ni faida. Asiye na uwezo, na ahamishie mafiga nje au kwenye banda lililo wazi pande mbili. Kuni zikaushwe, kuni mbichi ndizo zinazotoa moshi mzito. Maharage yalowekwe tangu usiku na sufuria ifunikwe, yatawahi kuiva. Mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kupuliza moto. Na wanaume, ukuta wa jiko kutobolewa dirisha na kuwekewa bomba la moshi ni kazi ya siku moja ya fundi. Tunatoa michango ya harusi mikubwa kuliko gharama ya bomba hilo.

Jambo la mwisho kuhusu moshi litawaudhi baadhi: udi na ubani. Nyumba ikiwa na mgonjwa huyu, usifukize chumba anacholala. Hali kadhalika kwenye maulidi, mwekeni karibu na mlango. Na habari ya kumfunika mgonjwa blanketi juu ya nyungu, kama ilivyoenea mwaka 2020 na 2021, kwa mtu ambaye tayari kifua kimejaa hewa asiyoweza kuitoa ni kumkaba.

Dawa na namna ya kuzitumia

Msingi wa dawa ni za kuvuta kwa kipulizo, ambacho wengi tunakiita inhela. Watu wengi wanaogopa inhela. Wanasema "ukishaanza hutaacha" au "ni ya wanaokaribia kufa", kwa hiyo wanapendelea vidonge. Fanya hesabu. Mpulizo mmoja wa salbutamo una mikrogramu 100, na unakwenda moja kwa moja kwenye mirija. Kidonge kimoja cha miligramu 4 kina mikrogramu 4,000, yaani sawa na mipulizo 40, nacho kinazunguka mwili mzima kabla ya kufika kifuani. Ndiyo maana ukikimeza mikono inatetemeka na moyo unapiga ngoma. Ipi basi ndiyo dawa kali?

Tatizo la kweli la inhela ni namna inavyotumika. Watu wengi wanapuliza ulimi. Fanya hivi: itikise, toa hewa yote taratibu, funga midomo kuzunguka mdomo wa chombo, anza kuvuta hewa polepole na hapohapo bonyeza mara moja, endelea kuvuta hadi mwisho, kisha zuia pumzi ukihesabu hadi kumi. Subiri kama dakika moja kabla ya mpulizo wa pili.

Mzee ambaye mkono na pumzi havipatani atumie chupa. Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town walithibitisha miaka ya mwisho ya 1990 kwamba chupa ya kawaida ya plastiki ya nusu lita inafanya kazi ya chombo cha dukani kwa watoto wenye pumu, na kanuni ni ileile kwa mtu mzima. Toboa kitako cha chupa kwa waya wa moto, tundu lilingane na mdomo wa inhela ibane bila kuvuja, zungushia tepu. Shingo ya chupa ndiyo unayoweka mdomoni. Bonyeza mara moja, kisha vuta na kutoa pumzi taratibu mara nne au tano kupitia chupa. Ioshe kwa maji ya sabuni na iache ikauke yenyewe. Usiifute kwa kitambaa, kwa sababu kuisugua kunafanya dawa inate kwenye kuta.

Inhela ya salbutamo kwa kawaida ina mipulizo 200. Ukitumia miwili mara nne kwa siku, ni minane, itaisha siku ya 25. Andika kwa kalamu tarehe uliyoanza. Wapo wanaopuliza gesi tupu wiki nzima na kusema dawa imezoea mwili.

Zipo pia inhela za muda mrefu, zinazofanya kazi saa 12 hadi 24, kama formoterolo na tiotropiamu. Kwa ugonjwa uliokomaa hizo ndizo bora, ingawa bei yake ni kubwa na hazipatikani kila mahali. Inhela yenye steroidi si ya kila mgonjwa wa maradhi haya. Hupewa zaidi anayebanwa mara kwa mara, kwani inaweza kuongeza hatari ya nimonia. Ukipewa, sukutua na uteme baada ya kuitumia, la sivyo utaota utando mweupe mdomoni. Nawashauri Waislamu waitumie kabla tu ya kutia udhu wa Alfajiri na wa Magharibi. Kusukutua kwa udhu kutakuwa kumemaliza kazi zote mbili.

Vidonge vya aminofilini bado vinauzwa sana. Vinasaidia kidogo, lakini kati ya kiasi kinachofaa na kiasi kinachodhuru moyo pana nafasi ndogo. Ukimeza pamoja na siprofloksasini au erithromaisini, kiwango chake kwenye damu kinapanda. Hata kuacha sigara kunakipandisha. Usijinunulie. Prednisoloni nayo ni dawa nzuri ya siku chache, si ya kula kila siku kwa sababu "inanipa hamu ya chakula". Ikiliwa miezi huleta kisukari, hupandisha shinikizo la damu na hulainisha mifupa. Asali na habasoda mtu asizuiwe kutumia, mradi asiache inhela.

Kupumua, kutembea na kula

Kumbuka tulichosema: hewa imenasa ndani. Dawa yake nyepesi ni hii. Vuta hewa kwa pua ukihesabu mbili, kisha itoe kwa midomo iliyobinywa kama unayepoza chai ya moto, ukihesabu nne. Fanya hivyo ukipanda kilima, ukiinuka, ukibeba ndoo. Ukibanwa, keti, inama mbele kidogo, weka viwiko juu ya magoti.

Usilale kitandani mwaka mzima kwa kuogopa kutweta. Misuli isiyotumika inahitaji hewa nyingi zaidi kwa kazi ileile. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, madaktari waliwafanyisha mazoezi ya wiki sita watu ambao mapafu yao yaliharibiwa na kifua kikuu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha wakitembea mbali zaidi na kujisikia vizuri zaidi. Anza kwa dakika tano za kutembea kwenye tuta la mfereji, ongeza dakika moja moja. Kutweta kidogo si hatari. Ukishindwa kusema sentensi moja, pumzika.

Tumbo lililojaa linasukuma kifua. Kula kidogo mara tano kuliko ugali mkubwa mara mbili. Mtori wa ndizi na nyama ni chakula kizuri mno kwa mgonjwa huyu, hauhitaji kutafunwa sana, na maziwa, mayai, dagaa na maharage hujenga misuli. Anayekonda bila sababu arudi hospitali.

Ibada

Kwenye swala, msijitese. Imran bin Huswain (r.a.) alipokuwa mgonjwa, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aswali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu. Sijda inabana tumbo na kifua. Anayezidiwa aswali kwenye kiti na kuashiria. Wala usikimbilie rakaa ya kwanza, kwani tumefundishwa kuiendea swala kwa utulivu hata ikiwa imekimiwa. Maji ya baridi ya Julai yapashwe moto.

Funga ndiyo inayonisumbua kila mwaka. Mgonjwa anaacha inhela asubuhi ili asifungue, na ifikapo siku ya kumi analetwa akiwa hawezi kusema. Wanachuoni wametofautiana. Masheikh Ibn Baz na Ibn Uthaymin wa Saudi Arabia waliona haifunguzi. Wengi wa kishafii, ambao ndio walimu wetu huku, wanaona chenye umbo kikipita njia iliyo wazi kufika ndani kinafunguza. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, lilipokutana Jeddah mwaka 1997, liliahirisha suala hili. Mimi si mufti. Muulize sheikh wako kabla mwezi haujaandama, na kabla ya kumuuliza sheikh njoo kwa tabibu akueleze ugonjwa wako umefika wapi. Mwenye inhela za saa 12 anaweza kuzipanga daku na futari. Anayehitaji salbutamo mchana kila siku, kwa maoni yangu ya kitabibu huyo ni mgonjwa aliyepewa ruhusa ndani ya Suratul Baqara, na kwa kuwa maradhi yake hayatarajiwi kupona, atatoa fidia ya kibaba kimoja kwa kila siku. Mchele wa Chekereni unatosha. Lakini kwa hali yoyote, ukibanwa, vuta dawa. Hakuna rai yoyote kati ya hizo inayomtaka mtu afe akiwa na inhela mfukoni.

Siku ya hatari

Makohozi yakiongezeka na kugeuka kijani au manjano mazito, na kutweta kukizidi kwa siku moja au mbili, usisubiri Ijumaa ipite. Hapo tunatoa prednisoloni, kwa kawaida miligramu 40 kwa siku tano, na antibiotiki kama amoksilini au doksisaiklini kwa muda kama huo. Kila mbano unaochelewa kutibiwa hula sehemu ya pumzi ambayo haitarudi. Chanjo ya homa ya mafua na ya nimonia hupunguza mibano hii. Si za kawaida kwenye zahanati zetu, lakini uliza hospitali kubwa, hasa ukijiandaa kwenda Hijja.

Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikawa ya bluu, akaanza kusinzia au kuchanganyikiwa, ni dharura. Mpulizieni salbutamo kwa chupa njiani, aketi, asilazwe chali.

Na mkishafika wodini, kuna jambo nimelishuhudia zaidi ya mara moja. Mgonjwa amewekewa oksijeni lita moja au mbili kwa dakika. Ndugu anaona ni kidogo, muuguzi akigeuka anafungua koki hadi mwisho kwa huruma. Kwa mgonjwa huyu oksijeni nyingi inaweza kujaza hewa chafu kwenye damu, akalala usingizi ambao mnadhani ni nafuu, kumbe anazama. Sisi tunalenga kipimo cha kidoleni kisome kati ya 88 na 92, si 100. Mkiona mashine inasoma 90, msiiguse koki. Mwiteni muuguzi, mwonyesheni kadi yenye zile herufi nne, na mumwambie ni inhela ipi aliyotumia na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi.